Geti la bwawa likifunguliwa, nani anamwambia mvuvi? Mtera, malambo yetu, na mageti ya meli ya wenzetu

#1 FundiMageti (Iringa)

Kamwene wanajamvi, poleni na masika.

Kila mwaka mvua zikikolea huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye kila grupu nililomo huzuka swali lile lile: "Mtera imejaa, itapasuka?" Mimi kazi yangu ni mageti ya mabwawa. Kuchomelea, kubadilisha mipira ya kuzuia maji pembeni mwa geti, kupaka grisi, kukagua nyaya za kunyanyulia. Nimefanya hiyo kazi hadi nywele zimeanza kuota mvi, na nasema hivi: kwa mtu anayeishi kando ya mto, kupasuka kwa ukuta si jambo la kwanza la kuhofia. La kwanza ni maji yaliyofunguliwa na mtu ambaye hakuoni, na wewe humwoni.

Tarehe 8 Juni 2014, jimbo la Himachal Pradesh, India, wanafunzi wa uhandisi kutoka Hyderabad walikuwa ziarani. Wakashuka mtoni Beas, wakasimama juu ya mawe kupiga picha. Juu yao kulikuwa na bwawa la Larji. Maji yakaachiwa. Wanafunzi 24 na kiongozi wao wa msafara wakasombwa, na ukuta wa bwawa ukabaki umesimama kama ulivyoamka asubuhi. Ukiuliza "bwawa lilikuwa imara?", jibu ni ndiyo. Sasa imara hiyo iliwasaidia nini wale vijana?

Tuje nyumbani. Ukuta wa Mtera ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu kule chini, yenye MW 204. Mitambo ya Mtera yenyewe, MW 80, ilikuja 1988. Kimo cha juu cha kuendeshea ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, cha chini ni mita 690. Hizo mita nane na nusu ndizo ghala lote. Likijaa, kinachoingia lazima kitoke, mvua haisubiri kikao.

Nimeleta mada hii kwa sababu wenzetu wenye mito inayopitika na meli walilazimika kulitatua tatizo hili mapema kuliko sisi. Chukua mto Mississippi, Marekani. Sehemu yake ya juu ina mabwawa mafupi yaliyofuatana, mengi ya miaka ya 1930, yaliyowekwa ili maji yasipungue kina cha futi 9 na majahazi yapite. Pembeni ya kila bwawa kuna chumba kirefu cha zege chenye milango mbele na nyuma. Chombo kinaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaingizwa au yanatolewa kupitia njia zilizo chini, chombo kinapanda au kinashuka, halafu mlango wa mbele unafunguliwa. Hakuna pampu, ni uzito wa maji tu. Na ile milango ni miwili inayokutana katikati ikichongoka kuelekea juu ya mto, kwa hiyo maji ya upande wa juu ndiyo yanayoibana. Hata ukileta wanaume mia waisukume, haifunguki mpaka maji ya pande mbili yalingane. Aliyebuni hicho kitu alijua binadamu ana haraka.

Lakini kilichonivutia zaidi si milango. Ni mazungumzo. Nahodha akikaribia anapiga honi ndefu moja na fupi moja, maana yake "naomba kupita". Msimamizi wa chumba anamjibu kwa taa: nyekundu, njano, kijani. Na mwenye boti dogo asiye na honi kubwa wala redio amewekewa kamba mwishoni mwa ukuta. Anaivuta, inalia ndani. Yaani mtu mwenye boti la kuvulia anaweza kumwita mwendesha bwawa, na mwendesha bwawa ana wajibu wa kumwitikia. Tena wamechora mipaka: kwa kawaida futi 600 upande wa juu wa mto kutoka bwawani na futi 150 upande wa chini chombo hakiruhusiwi kuwepo, maboya na vibao vinaonyesha.

Kwetu mwenye mtumbwi na mwenye geti hawana shughuli ya pamoja. Mmoja anazalisha umeme, mwingine anatafuta perege. Hakuna anayempigia mwenzake honi.

Niongeze la mageti yenyewe, maana ndiko nakojua. Julai 17, 1995, bwawa la Folsom kule California likiwa karibu kujaa, waendeshaji walikuwa wananyanyua geti namba 3. Ni geti la aina ya bamba lililopinda, limeshikwa na mikono ya chuma ambayo huzunguka kwenye pini kubwa ubavuni. Pini ilikuwa na kutu, msuguano ukaongezeka kuliko wabunifu walivyohesabu, na geti lilipoanza kupanda mikono ikapinda, geti likang'oka. Maji yakamwagika kwa siku kadhaa. Bahati nzuri hakuna aliyekufa. Waliochunguza walikuta kwamba upungufu wa grisi na kutu ya kwenye pini ndiyo habari yenyewe.

Mtu wa nje akiona fundi amejipaka grisi hadi kwenye masikio anamwona mchafu. Grisi ile ya zamani, ukiifuta kwenye pini kwa kidole na kuiona imegeuka rangi ya kahawia na ina chembe chembe kama mchanga, hapo moyo unapiga. Chuma kinakula chuma.

Sasa nauliza waliopo Migoli, Izazi, Pawaga, Kidatu, Mbarali, Kyela: maji yakiachiwa, ninyi mnajuaje? Sitaki matusi ya siasa. Nataka mtu aseme: mimi naambiwa na fulani, kwa njia hii, muda huu kabla.

Nawasilisha.

#2 ChaliWaMafinga

Siti ya mbele kabisa. Nimekaa na ulanzi wangu, wataalamu mwageni, msije mkafungua mageti yote kwa mpigo.

#3 MvuviWaMigoli

Shikamoo mleta mada kama ni mzee, kama ni kijana mwenzangu basi mambo.

Mimi ni wa upande wa Iringa, navua humo humo bwawani. Sisi wa juu ya ukuta shida yetu si geti. Shida yetu ni upepo wa mchana na visiki. Bwawa likishuka yale mashina ya miti yaliyozamishwa zamani yanajitokeza, likipanda yanajificha sentimita chache chini ya maji, mtumbwi unapasuka hivi hivi.

Wenye kesi na geti ni wanaoshuka chini ya ukuta. Ukweli niuseme: watu wanashuka kwa sababu samaki wapo. Maji yakipungua kule chini kunabaki vidimbwi katikati ya mawe na kambale wanajazana humo, unaokota. Mtu ameacha familia nyumbani, ukimwambia "hapo hatari" anakuangalia tu.

Tunajuaje? Mzoefu anasikiliza. Mitambo ikiongezwa mlio wa maji unabadilika, unakuwa mzito. Pia kuna povu linaanza kuja na majani makavu yaliyokuwa yamekwama pembeni yanaanza kutembea. Ukiona majani yanatembea na hakuna upepo, acha nyavu, panda. Wageni hawajui hiyo. Kijana ametoka Dodoma juzi, kaja dagoni, yaani kambi ya wavuvi, kwa rafiki yake, atajulia wapi?

Taarifa rasmi inapofika kwa mwenyekiti wa kijiji au redioni, sisi wa dagoni simu zinashika mtandao ukipanda kichuguu. Kwa hiyo ujumbe wa simu peke yake, kwa mtu wa dago, hesabu haujatumwa.

#4 Mkazamoyo

Mnatisha watu bure. Mtera imekula El Niño ya 1997/98 na haikutikisika. Wajapani, Waswidi, Wamarekani mabwawa yao yanapasuka, letu halijapasuka. Tuache kuiga hofu za watu. Barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita juu ya ule ukuta kila siku na malori yake, mbona hamsemi lori litaangusha bwawa?

#5 InjiniaMstaafu (Mbeya)

Mkazamoyo, mdogo wangu, aliyeanzisha uzi hajasema Mtera itapasuka. Soma tena kichwa cha habari.

Lakini hoja ya "halijapasuka" nayo tuiangalie. Ukuta wa zege unazeeka kwa namna ambayo kwa macho hauioni. Kariba, la Zambia na Zimbabwe, ulikamilika 1959, una kimo cha mita 128, na bado umesimama. Ila maji yaliyorushwa na mageti yake miaka nenda miaka rudi yalichimba shimo chini ya ukuta lenye kina cha karibu mita 80 kwenye mwamba. Shimo hilo lilikuwa linarudi taratibu kuelekea kwenye msingi. Ndiyo maana mwaka 2017 ilianza kazi kubwa ya kulitengeneza upya. Aliyekuwa anapita juu ya ukuta kwa gari asingejua chochote.

Na Derna, Libya, Septemba 2023. Mabwawa mawili ya miaka ya 1970, yaani rika moja na Mtera. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa huko huko alishaandika kwamba yanahitaji matengenezo ya haraka. Ikaja dhoruba Daniel, yakaondoka yote mawili usiku, maelfu ya watu wakafa wakiwa vitandani.

Mimi hofu yangu kubwa siyo mabwawa makubwa, hayo yana wahandisi na vipimo. Ni malambo. Tuta la udongo alilojenga mwenye shamba, mwenye chai, mwenye ng'ombe, halmashauri. Nenda ukague: juu yake kumeota miti, mchwa wamejenga, utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji ya ziada, umezibwa na mtu aliyetaka maji yaongezeke kidogo. Huo utoro ndio roho ya lambo. Tuta la udongo maji yakipita juu yake, halimalizi saa nyingi. Kenya, Mei 9, 2018, Solai, Nakuru: bwawa la shamba binafsi lilipasuka usiku, wakafa zaidi ya watu 40.

Kwa wenye malambo, kitu kimoja cha kukariri: maji yanayovuja chini ya tuta yakiwa meupe, weka alama na uyapime kila siku. Yakigeuka kuwa ya tope, maana yake yanabeba tuta lenyewe kutoka ndani, hapo usiite fundi, ondoa watu. Teton, Idaho, Juni 5, 1976: asubuhi waliona maji machafu yanachuruzika ubavuni, wakaleta matingatinga kuziba, matingatinga yakamezwa, na kabla ya saa sita mchana tuta lote lilikuwa limeondoka. Lilikuwa bwawa jipya, ndiyo kwanza linajazwa.

Kisheria tusiseme hatuna. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa na mafuriko, na mwenye bwawa ndiye mwenye jukumu. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji makao yake yako hapo hapo Iringa, ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Ukiona tuta linakutia shaka, mahali pa kupeleka pako karibu.

#6 MamaPawaga

Hamjambo wanangu. Ninyi nyote mnazungumzia chini ya bwawa. Mimi niko juu yake, nalima mpunga Pawaga, na mnisikilize kidogo.

Ruaha Mdogo unashuka kutoka huko Iringa kwenu na matope yenu. Unapokaribia bwawa maji yanapoteza mwendo, na maji yakipoteza mwendo yanaangusha tope. Miaka mingi tope hilo limekaa. Mto unapanda sakafu, kingo zinabaki pale pale. Mvua ile ile ambayo zamani ilipita, sasa inamwagika mashambani. Halafu mtu wa mjini anasema "mafuriko ya Pawaga ni tabianchi". Tabianchi ipo, lakini na majembe ya kwenye miteremko yapo.

Halafu kiangazi kinageuka. Mnakumbuka mgao wa umeme wa 2006? Bwawa lilikuwa limekauka mpaka mitambo inahangaika, na lawama ikapandishwa Usangu, kule juu ya mto, kwa wafugaji na wakulima. Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi unakatika kiangazi tangu 1993. Sasa mwendesha bwawa aliyeumwa na ukame huo, unadhani masika ataachia maji mapema ili nafasi ibaki? Atakumbatia kila tone. Simlaumu, na mimi ghalani kwangu siachi debe litoke mpaka nione mvua ya mwaka ujao.

La geti, nina langu. Kuna skimu moja ya umwagiliaji, sitaitaja, mlinzi wa lango la mfereji alifungua usiku kwa sababu maji yalikuwa yanatishia kuvuka banio, kile kizuizi cha kuingizia maji mferejini. Alifanya sahihi. Lakini hakumwambia mtu. Mashine yangu ya kuvutia maji ilikuwa imefungwa kwenye mti kando ya mto, asubuhi nikakuta kamba. Kamba peke yake, imekatika na ina uzi mmoja unaning'inia. Nilipomfuata akaniambia, "Mama, ningekuamshaje?" Na kweli, angeniamshaje? Simu yangu hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumpa orodha ya watu wenye mashine mtoni. Tangu siku ile nikaenda kijiweni kwake na daftari, nikamwandikia majina na namba za wote. Limening'inizwa pale kwa msumari mpaka leo.

#7 ChaliWaMafinga

Mama Pawaga, shikamoo, hilo daftari ni mradi wa mabilioni wenzako wangeuandikia andiko.

Swali kwa fundi: yale mabwawa mafupi ya meli yana kimo gani cha kutisha? Mita mbili tatu mtu anayejua kuogelea si anavuka tu? Mimi nimekulia mtoni.

#8 FundiMageti

Chali, hayo mafupi ndiyo mabaya.

Maji yakidondoka kutoka kwenye ukuta mfupi yanazama hadi chini, yanapiga sakafu, halafu ya juu yanajikunja kurudi kwenye ukuta. Ukiangalia kutoka pembeni unaona gogo linakuja mpaka kwenye ukuta, linazamishwa, linaibuka mita kadhaa mbele, linarudishwa tena. Linaweza kuzunguka hivyo mchana kutwa. Mtu naye hivyo hivyo. Na pale pana povu jingi, yaani hewa, kwa hiyo hata jaketi la kuokolea halikubebi vizuri. Wanaojaribu kuwaokoa wenzao nao huingia humo. Kwa juu ukuta huo hauonekani kabisa: unaona mstari tu wa maji uliotulia, kama vile mto unaendelea.

Na injini haikukingi. Januari 9, 2005, mto Ohio, meli ya kusukuma majahazi iitwayo Elizabeth M ilishapita salama kwenye chumba cha bwawa la Montgomery na kutokea upande wa juu. Mto ulikuwa umefura. Mkondo ukaishinda, ukaivuta kurudi nyuma, ikapitiliza juu ya bwawa na kuzama. Walikufa mabaharia wanne. Hao ni watu wa kazi, wenye redio, wenye injini kubwa, na msimamizi wa geti anawaona kwa macho.

Mama Pawaga, daftari lako nimelipenda kuliko kitu chochote kwenye uzi huu. Sitanii.

#9 MwanaKyela

Ndaga wakuu. Kyela huku na sisi tuna bwawa letu ambalo haliko kwetu.

Maji ya Ziwa Nyasa yanatoka kupitia mto Shire upande wa Malawi, na pale Liwonde kuna kizuizi chenye mageti tangu 1965. Wao wakishikilia au wakiachia maji, ni ziwa zima linaguswa, japo taratibu. Mto wenyewe ukishuka una mitambo mingine mingi. Januari 2022 dhoruba Ana iliondoa sehemu ya tuta la bwawa la Kapichira, mitambo ya karibu MW 130, na Malawi ikapoteza kama theluthi ya umeme wake kwa usiku mmoja. Waliosema malambo tu ndiyo ya kuogopa waitazame hiyo.

Huku kwetu mchanga unatukaba: bandari ya Itungi ilijaa mchanga, meli zikahamia Kiwira. Sasa swali langu la miaka yote. Haya mageti ya meli anayoyasifia fundi, kwa nini yasiwekwe Shire tukatoka Kyela na mchele wetu moja kwa moja hadi Zambezi, hadi baharini? Malawi walishajenga hadi bandari Nsanje kwa ndoto hiyo.

#10 InjiniaMstaafu

Mwana wa Kyela, ndoto nzuri, hesabu inakataa.

Panama meli zinapandishwa mita 26 tu, na kila meli inayopita inamwaga baharini maji baridi kiasi cha mita za ujazo 200,000 hivi. Mwaka 2023 ziwa lao lilipopungua kwa ukame ikabidi wapunguze idadi ya meli kwa siku. Sasa Shire katikati yake ina maporomoko yanayoshuka karibu mita 380. Hayo ndiyo yaliyomzuia Livingstone na boti lake 1859. Gawanya mwenyewe uone ni Panama ngapi zimepandana. Na kila tone unalotumia kupandisha meli halipiti kwenye mtambo wa umeme. Malawi hawatakubali, na wana haki. Kwa Ruaha ndiyo usiseme: mto unaokauka ndani ya hifadhi utaelea nini?

Tunachoweza kuchukua kwa watu wa mageti ya meli ni nidhamu yao. Mipaka iliyochorwa, taa, honi, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina anayewajibika kwa geti saa hiyo. Hivyo havihitaji meli.

#11 Mkazamoyo

Basi mseme na la Rufiji. Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walizama, na juu yao kuna Bwawa la Nyerere la MW 2,115 tulilosifiwa litazuia mafuriko. Lilizuia nini?

#12 FundiMageti

Hapo umeuliza swali la maana, mkuu, na linahusu Mtera vile vile.

Bwawa linapunguza mafuriko kwa nafasi iliyo tupu ndani yake. Likiwa na nafasi, maji yanayokuja kwa fujo yanakaa humo na kutoka kidogo kidogo. Likiwa limejaa, kinachoingia ndicho kinachotoka, na hapo bwawa ni sawa na mto tu. Sasa anayezalisha umeme anataka limejaa, anayelima bondeni anataka liwe na nafasi. Wote wawili ni wateja wa maji yale yale. Kinachoamua ni kanuni ya uendeshaji: mwezi huu kimo kisizidi hapa, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukisema hivi, tunashusha mapema. Ugomvi wa Rufiji ungeisha nusu kama kanuni hiyo ingebandikwa kwenye ofisi za vijiji kule bondeni, kila mtu aione kabla ya masika badala ya kubishana baada ya maji. Mtu akijua kwamba bwawa likifika kimo fulani mageti yatafunguliwa, anaweza kuhesabu mwenyewe. Anahamisha mbuzi.

Na ukilijenga bwawa kubwa, watu wanashuka kulima karibu zaidi na mto kwa sababu miaka kadhaa haukufurika. Hilo linatokea kila nchi.

#13 MvuviWaMigoli

Fundi, nikuulize kama kaka. Tukitaka kuomba kitu kimoja tu kwa wenye geti, siyo kumi, tuombe nini? King'ora?

#14 FundiMageti

King'ora ni kizuri, ila kina ugonjwa wake. Kikilia mara nyingi na maji hayaji, watu wanakizoea. Kisipojaribiwa, siku ya siku betri imekufa. Na upepo wa huko Mtera unaujua, upande mmoja wa bonde watasikia, upande mwingine hawatasikia.

Mimi ningeomba ufunguaji wa hatua. Geti lifunguliwe kidogo kwanza, mto upande kiasi cha kumlowesha mtu magoti, wasubiri, nusu saa au zaidi kulingana na umbali wa watu, ndipo waongeze. Maji yenyewe yanakuwa mjumbe. Hayahitaji mtandao wala kichuguu. Mgeni wa Dodoma asiyejua mlio wala povu, akiona jiwe alilokuwa amekalia limeanza kuzama, atapanda. Kwenye mabwawa niliyofanyia kazi nimeona inafanyika na inagharimu uvumilivu tu. Isipokuwa mafuriko makubwa ya ghafla, hapo mwendesha geti hana muda huo, ndipo king'ora na daftari la Mama Pawaga vinaingia.

Na mtu wa kupita ukingoni kabla ya kufungua. Kwa miguu, na tochi.

#15 MvuviWaMigoli

Sawa. BMU yetu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, ina kikao wiki ijayo, hiyo ya hatua nitaipeleka kwa maandishi. Mama Pawaga naomba unitumie picha ya ukurasa mmoja wa lile daftari, funika namba za watu, nataka kuona umepanga vipi, kwa kitongoji au kwa ukingo wa mto.

#16 MamaPawaga

Kwa ukingo, mwanangu. Kulia na kushoto, kuanzia aliye juu kabisa. Anayefikiwa na maji kwanza ndiye anayepigiwa kwanza. Kitongoji hakisaidii, mtu anaishi huku shamba lake liko kule. Na weka jina la mtoto wake mkubwa pia, wazee simu tunaziacha zimezimwa.

#17 ChaliWaMafinga

Wakuu, na yale mabwawa ya tope la dhahabu kule Chunya? Mwadui, Kishapu, Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulipasuka, tope likaenda mpaka kwenye nyumba na mashamba ya watu.

#18 InjiniaMstaafu

Hilo la tope lina sumu yake na sheria zake, tukilichanganya humu tutapoteana. Fungua uzi wake, Chali, nitakuja. Ila weka chini ulanzi kwanza.